Kufuli la baiskeli likikwama: jinsi ya kuikomboa baiskeli yako bila kuuvunja ufunguo

Ufunguo umeingia, unauzungusha, haukubali. Unaongeza nguvu kidogo, kisha kidogo tena, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kufuli lililokwama mara nyingi bado linafunguka. Kufuli lenye nusu ya ufunguo ndani yake ni kazi nyingine kabisa, tena ngumu. Kwa hiyo toa mkono kwenye ufunguo kwanza. Mwongozo huu unaanzia kwenye njia zisizoharibu chochote na kuishia kwenye kukata. Ufuate kwa mpangilio huo, hata kama una grainda, ile mashine ya kukatia chuma kwa diski, pembeni na moyo unawaka.

Kabla ya yote, hakikisha unachokipigania ni chako. Baiskeli za aina moja huegeshwa bega kwa bega, na makufuli ya duka moja hufanana. Soma namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hugongwa chini ya mhimili wa pedeli. Pia angalia kama kuna mtu amepitisha mnyororo wake kwenye fremu yako kwa bahati mbaya. Ikiwa hivyo, kufuli si lako na huna ruhusa ya kulikata. Mwachie ujumbe ulioandikwa, mwambie mlinzi wa pale, na subiri.

1. Kagua ufunguo kabla ya kulilaumu kufuli

Utoe, upanguse, uutazame kwenye mwanga. Funguo nyingi za baiskeli ni za shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Shaba hiyo ni laini kuliko chuma cha kufuli, ndiyo maana ufunguo ndio unaoumia kwanza. Tazama hasa shingoni, pale meno yanapokutana na kichwa. Ukiona mstari mweupeupe umekatiza shingo, ujue chuma kimeshajipinda mara nyingi na kinakaribia kukatika. Usiutumie tena, hata kwa jaribio moja la mwisho. Halafu ulaze juu ya kioo. Ukiona mwanga unapita katikati chini yake, umepinda.

Sasa tafuta ufunguo wa akiba. Ule uliokaa kwenye droo bado una meno kama yalivyotoka kiwandani, wakati ule unaotembea nao mfukoni umesuguana na sarafu na funguo nyingine miaka yote. Wa akiba ukifungua, umeshapata jibu: tatizo lilikuwa ufunguo. Mpelekee fundi wa kuchonga funguo huo mzuri, si ule uliolika, kwa sababu nakala ya ufunguo uliolika hurithi kasoro zote za mama yake. Kama huna wa akiba, angalia kama kuna namba iliyogongwa kwenye kichwa cha ufunguo au kwenye kadi iliyokuja na kufuli. Baadhi ya watengenezaji hukutengenezea ufunguo mpya kwa kutumia namba hiyo peke yake.

Hakikisha pia ufunguo unafika mwisho wa tundu. Mchanga ukijazana kule chini, ufunguo husimama milimita moja kabla ya mahali pake, na milimita hiyo inatosha kuharibu kila kitu. Katika makufuli ya pini, mfumo ulioenezwa na Linus Yale Mdogo wa Marekani katika miaka ya 1860, kila pini, yaani kijiti kidogo cha chuma ndani ya kufuli, lazima inyanyuliwe hadi usawa wake kamili ndipo silinda, kile kiini kinachoshika ufunguo, izunguke. Pini moja ikibaki chini, silinda haiendi popote.

Makufuli mengi mazito ya baiskeli hutumia visahani badala ya pini, mfumo uliobuniwa na Emil Henriksson wa Finland mwaka 1907. Hayo yana tabia yake. Ufunguo usiporudishwa hadi mwanzo kabla ya kutolewa, visahani hubaki vimekaa ovyo na mara nyingine ufunguo unagoma hata kuingia. Dawa ni kuusukuma taratibu huku ukiutikisa kidogo kushoto na kulia mpaka visahani vijipange kimoja baada ya kingine. Utausikia ukizama kwa hatua ndogondogo.

2. Ondoa mkazo

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Ndani ya kufuli kuna ulimi wa chuma unaoingia kwenye pengo lililochongwa kwenye upinde, kile chuma kilichopinda kinachotoka na kuingia kwenye mwili wa kufuli. Upinde ukivutwa na mnyororo uliokazwa sana, au na baiskeli iliyolalia upande, au na gurudumu lililosogea kidogo baada ya wewe kuondoka, ulimi hubanwa ubavuni. Hapo ufunguo mwembamba unatakiwa kushindana na uzito wa baiskeli nzima, nao hauwezi. Mafuta ya aina yoyote hayatasaidia mpaka mkazo huo uondoke.

Simamisha baiskeli wima. Ukipata mtu wa kuishika, vizuri zaidi, ili mikono yako yote iwe kwenye kufuli. Kisha fanya kinyume cha kile mwili unachotaka kufanya: badala ya kuuvuta upinde utoke, usukume uingie ndani zaidi, kana kwamba unalifunga. Ukiwa umeusukuma hivyo, zungusha ufunguo kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Vidole viwili vina nguvu ya kutosha kufungua kufuli zima na havina nguvu ya kuvunja ufunguo. Usipokubali, sogeza upinde kushoto na ujaribu, kisha kulia na ujaribu. Kwenye kufuli la umbo la U tikisa kila mguu peke yake, kwa kuwa mengi yana ulimi pande zote mbili na huenda uliobanwa ni mmoja tu.

Kwenye mnyororo au waya uliosokotwa, kusanya ulegevu wote na uusogeze upande wa kufuli mpaka kufuli lining'inie bila kuvutwa na kitu. Pete ya mwisho ya mnyororo hupenda kujilaza kwa ubavu na kuusukuma upinde. Igeuze ikae sawa.

Kufuli la pete, lile lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu na ambalo chuma chake hupita katikati ya spoku za gurudumu la nyuma, hukwama kwa sababu moja kubwa: spoku inakigandamiza kile chuma. Zungusha ufunguo kwa wepesi na uushikilie hapo, huku mkono mwingine ukilisogeza gurudumu sentimita moja mbele, sentimita moja nyuma. Kandamiza pia kile kishikio cha kufungia kama unayetaka kufunga zaidi, kisha uachie. Mara nyingi hufyatuka chenyewe wakati huohuo.

Na kuna hali ambayo kufuli la U limekwama kati ya nguzo na tairi, limebana hata kidole hakipiti. Toa upepo. Bonyeza ncha ya vali mpaka tairi linywee, utapata nafasi ya kucheza na kufuli, na mkazo wote utaondoka. Tairi litajazwa tena baadaye.

3. Safisha, tia mafuta, kisha ngoja kwelikweli

Kama mkazo umeondoka na ufunguo bado mzito, ndani kuna uchafu, kutu au grisi iliyokauka. Anza na usafi. Geuza tundu liangalie chini, gonga kufuli taratibu kwa kiganja, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli au kopo la hewa iliyoshindiliwa. Usipulize kwa mdomo, maana unaingiza unyevu. Usianze na mafuta wakati mchanga ungali ndani, utatengeneza tope.

Baada ya hapo tia mafuta mepesi yanayopenya kutu, ya kupuliza kwa mrija mwembamba. WD-40, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyuma, inafaa kwa kazi hii ya kusuuza. Mafuta ya cherehani pia yanafaa. Elekeza mrija kwenye tundu la ufunguo, kisha pale upinde unapoingia kwenye mwili wa kufuli, pande zote mbili. Watu wengi hutia tunduni peke yake, ilhali kutu kubwa zaidi huwa iko kule kwenye ulimi. Funika breki kwa kitambaa kabla ya kupuliza. Mafuta yakigusa rimu au diski ya breki, utakuwa umeokoa baiskeli isiyosimama.

Kisha ngoja. Dakika kumi na tano ni za chini kabisa, na kama kufuli limekaa mvuani miezi, liache saa kadhaa na urudie. Mafuta hayapenyi kwa sababu una haraka. Ukirudi, ingiza ufunguo na uutoe mara nyingi bila kuuzungusha, ukiupangusa kwa kitambaa kila unapotoka. Mwanzoni utatoka na majimaji ya rangi ya chai nzito, yenye chembechembe. Endelea kutia mafuta na kupangusa mpaka yatoke safi. Hapo ndipo ujaribu kuzungusha, tena kwa vidole viwili, ukiupeleka ufunguo nyuma na mbele kwa mwendo mdogo badala ya kuusukuma upande mmoja.

Mafuta ya kula yasikaribie kufuli. Yakikauka huwa ya kunata, na safari ijayo utakuwa na tatizo kubwa kuliko la leo. Grisi nzito nayo isiingie tunduni. Unga wa grafiti ni mzuri kwa makufuli ya pini, lakini kwenye kufuli kavu tu. Ukiuchanganya na mafuta unakuwa uji mweusi.

Kama bado, ongeza mtikisiko. Chukua mpini wa mbao wa nyundo au bisibisi, gonga mwili wa kufuli kwa mapigo mafupi mengi huku ufunguo ukiwa umezungushwa kidogo. Pini iliyoganda na springi iliyochoka huachia kwa mapigo hayo. Usiugonge ufunguo wenyewe, na usigonge kwa chuma juu ya chuma.

4. Sababu nyingine, kila moja na dawa yake

Ufunguo umekatikia ndani. Usiingize nusu nyingine kuisukuma. Tazama tundu limekaaje: kipande hakitoki kama silinda imezunguka hata kidogo, kwa hiyo irudishe kwenye nafasi ya kuingizia ufunguo kwa bisibisi nyembamba. Tia mafuta. Kipande kikichungulia nje, kivute kwa kibano chenye ncha. Kikiwa kimezama, tumia wembe mwembamba wa msumeno wa kuchongea maumbo, ule ambao fundi seremala hukatia mikunjo. Meno yake yaelekee nje, kwako. Uupitishe kando ya kipande upande wa meno ya ufunguo, ugeuze kidogo ili meno yang'ate, uvute. Kitatoka kidogokidogo. Tunza vipande vyote viwili, kwani fundi mzuri anaweza kuviunganisha na kuchonga ufunguo mpya kutokana navyo.

Kuna mtu ametia gundi tunduni. Huu ni ukatili na unaumiza, lakini gundi kali ya kukauka haraka huyeyuka kwenye asetoni, ambayo imo katika baadhi ya viondoa rangi ya kucha. Dondosha matone machache, ngoja, kwangua kwa waya mwembamba, rudia. Asetoni hula plastiki na rangi na hushika moto upesi, kwa hiyo fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto wowote. Ubani wa kutafuna na vijiti vya meno hutolewa kwa kibano na subira.

Barafu. Mahali pa baridi kali, maji yaliyoingia mchana huganda usiku. Usimwage maji ya moto: yataingia ndani zaidi na kuganda upya. Tumia alkoholi. Ile ya aisopropili huganda kwenye nyuzi 89 chini ya sifuri, kwa hiyo inayeyusha barafu na kuchukua maji. Hata jeli ya kutakasia mikono yenye alkoholi nyingi inasaidia ukiipaka kwenye ufunguo. Kufuli likishafunguka, likaushe na ulitie mafuta siku hiyohiyo.

Kufuli la namba. Mara nyingi namba ni sahihi ila gurudumu moja limesimama nusu, katikati ya tarakimu mbili. Panga namba yako, sukuma upinde ndani, kisha sogeza kila gurudumu kidogo sana juu na chini huku ukijaribu. Halafu jaribu tarakimu moja juu na moja chini kwa kila nafasi, maana magurudumu yaliyolika huhama. Kama umesahau namba kabisa, kufuli la tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000. Ukitumia sekunde mbili kwa kila mmoja, utaimaliza kwa dakika kama 33. La tarakimu nne lina 10,000, yaani zaidi ya saa tano na nusu, na hapo kila mtu apime thamani ya kufuli lake.

5. Itoe baiskeli, liache kufuli

Kabla ya kukata chochote, simama nyuma kidogo na uulize: kufuli limeshika nini hasa? Likiwa limeshika gurudumu peke yake, fungua nati za mhimili au ule mkono wa kufungulia haraka, na fremu yote itaondoka nawe. Waya uliopita chini ya tandiko utatoka ukichomoa nguzo ya tandiko. Baiskeli yenye kufuli la pete inaweza kunyanyuliwa nyuma na kusukumwa kwa gurudumu la mbele hadi kwa fundi, ambako kufuli lenyewe huweza kufunguliwa skrubu zake kwenye fremu. Usivunje nguzo, reli au mlango wa mtu mwingine ili kuokoa kufuli lako.

Fundi wa makufuli anaweza kufungua mengi bila kuyakata. Mwite kabla ya grainda, hasa kama kufuli ni la thamani.

6. Kukata

Ukifika hapa, andaa ushahidi kwanza: risiti, picha zako ukiwa na baiskeli, namba ya fremu, kitambulisho. Mjulishe mlinzi au mwenye eneo. Piga simu polisi ukihitaji, uwaambie utafanya nini na saa ngapi. Mtu anayekata kufuli hadharani huonekana mwizi, na watu wenye hasira hawasubiri maelezo. Fanya mchana, ukiwa na shahidi.

Waya mwembamba hukatwa kwa mkasi wa kukatia vyuma au msumeno wa chuma wenye meno madogo. Waya uliosokotwa hukimbia meno, kwa hiyo ufunge kwa utepe mahali pa kukata ndipo uanze. Mnyororo mzito na kufuli la U ni vyuma vilivyokomazwa, msumeno wa mkono utateleza tu juu yake. Hivyo vinataka grainda, na kama hujawahi kuishika, mwachie anayeijua.

Diski iwe ya kukatia chuma, nyembamba, ya unene wa milimita 1 hivi. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, kwa hiyo soma kasi iliyoandikwa kwenye diski na uhakikishe haiko chini ya ile ya mashine. Soma pia tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Diski iliyozeeka au yenye ufa hupasuka ikiwa kwenye mwendo. Miwani ya kinga iliyoziba pembeni, kinga ya masikio, glavu, mikono mirefu isiyoning'inia. Kinga ya diski isitolewe kwa hali yoyote.

Baiskeli ya umeme itolewe betri, na betri hiyo iwekwe mbali. Funika fremu, tairi na waya za breki kwa kitambaa kinene kilicholowa maji, maana cheche hutoboa rangi na kuyeyusha plastiki. Chagua mahali pa kukata palipo mbali na fremu kadiri inavyowezekana. Fremu ya kaboni haivumilii joto wala mkwaruzo wa diski. Kata kwa kugusa kwa wepesi, usikandamize. Kama chuma kina mkazo, pengo litajifunga na kuibana diski, nayo mashine itaruka kuelekea kwako. Ukisikia mlio umebadilika na kuwa mzito, toa mashine, usiendelee. Kufuli la U lenye ulimi pande zote mbili litahitaji kukatwa mara mbili. Lenye upande mmoja huweza kuzungushwa na kutoka baada ya mkato wa kwanza. Chuma kitakuwa cha moto vibaya, kimwagie maji kabla ya kukigusa.

Usitumie mtungi wa gesi kuliyeyusha. Makufuli mengi yana zinki, na moshi wake unaleta homa.

7. Baada ya kufunguka

Kama limefunguka bila kukatwa, usilirudishe kazini siku hiyo. Lisuuze, likauke, kisha utie mafuta makavu ya silikoni au ya tefloni, kwa sababu yale mepesi ya kusuuza hukauka na kuondoka. Liwe wazi mkononi, lifunge na kulifungua mara nyingi, likiangalia juu, likiangalia chini, ukiusikiliza ufunguo. Likisita hata mara moja, huo ni ulimi au silinda iliyokwisha. Litupe.

Likiwa zuri, lifunge tundu likiangalia ardhini ili mvua isiingie, lisiguse vumbi la chini, na ulirudishie mafuta kila baada ya miezi michache, mapema zaidi baada ya masika. Piga picha ya namba ya ufunguo na ya namba ya fremu, uzihifadhi mahali pasipo na baiskeli. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani, kwa kuwa akiba iliyotungwa kwenye pete moja na ufunguo wa kila siku itapotea siku moja nao.